Wanaajiriwa Leo, Mwakani Hawapo: Kwa Nini Watu Huacha Kazi Katika Kampuni za Kigeni



Katika ziara zetu parokiani kuna swali ambalo tumeulizwa mara nyingi, na kwa miaka tulikuwa tukilijibu vibaya: "Vijana wetu walipata kazi kwenye kampuni ya wageni. Mbona wameacha?" Jibu letu lilikuwa tayari mdomoni. Tulisema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu, hawajazoea kufuata saa, wanapenda fedha za haraka. Wazee walitikisa kichwa kukubali, mwenyekiti akatushukuru, chai ikaletwa.

Kilichotubadilisha ni ripoti yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliwaandikia wafadhili kwamba kundi la wasichana waliomaliza mafunzo yetu ya ushonaji wameajiriwa katika kiwanda cha nguo cha mwekezaji kutoka nje. Tuliweka na picha. Mwaka uliofuata mfadhili mmoja, mama mstaafu anayechangia kiasi kidogo lakini kila mwezi bila kukosa, alituandikia barua ya mistari miwili: wale wasichana wanaendeleaje? Tulikwenda kuwatafuta. Wengi hawakuwepo tena kiwandani, na baadhi yao hata majirani hawakujua walikoelekea. Tulikuwa tumesimama kwenye mlango wa kuingilia tukihesabu watu, na mlango wa kutokea hatukuutazama kabisa.

Tangu hapo tumejaribu kusoma kilichokwisha kuchunguzwa juu ya jambo hili. Katika somo hili tunawaletea mifano ya mbali kidogo na kwetu, kwanza kwa sababu imechunguzwa vizuri, na pili kwa sababu ni rahisi kuona ufa wa nyumba ya jirani kabla ya kuona wa kwako. Tunaomba kamati zisome sehemu kwa sehemu na kujadili, hata kama itachukua vikao viwili.

Hawassa, kusini mwa Ethiopia

Mwaka 2016 serikali ya Ethiopia ilifungua eneo kubwa la viwanda katika mji wa Hawassa, ulio kando ya ziwa la jina hilohilo, umbali wa kilomita zipatazo 275 kusini mwa Addis Ababa. Kampuni ya Kichina ndiyo iliyojenga, na mabanda ya kwanza yalisimama katika muda usiofika mwaka. Wenye viwanda walitoka India, Sri Lanka, China, Indonesia na kwingineko, na mbele yao alikuwepo mnunuzi mkubwa kutoka Marekani, kampuni ya PVH, inayomiliki chapa za Calvin Klein na Tommy Hilfiger. Lengo lililotangazwa lilikuwa ajira 60,000. Waliotafutwa hasa walikuwa wasichana kutoka vijiji vya mkoa ule, wengi wao hawajawahi kuishi mjini wala kushika mshahara.

Mwaka 2019 kituo cha biashara na haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York kilitoa ripoti juu ya eneo hilo. Wakati huo wafanyakazi walikuwa wapatao 25,000. Mshahara wa kuanzia ulikuwa dola 26 za Marekani kwa mwezi. Ripoti ililinganisha: mshonaji wa Kenya alikuwa akipata dola 207 kwa mwezi na wa Bangladesh dola 95. Huo wa Ethiopia ulikuwa wa chini kuliko nchi nyingine yoyote inayoshona nguo za kuuza nje ambayo watafiti waliitazama. Nao haukuwa siri ya mtu. Mshahara mdogo ulikuwa sehemu ya matangazo ya serikali ya kuwavuta wawekezaji, na sekta binafsi haikuwa na kima cha chini kilichowekwa na sheria.

Kisha ikaja hesabu iliyotushtua zaidi. Kwa wastani, viwanda vile vilikuwa vinabadilisha wafanyakazi wote kila baada ya miezi kumi na miwili. Hebu wanakamati mfikirie kwaya ya parokia ambayo kila Pasaka ina waimbaji wapya watupu, na mwalimu wa kwaya anaanza upya kufundisha sauti ya kwanza na ya pili. Ndivyo msimamizi wa kiwanda alivyokuwa, ila yeye alidaiwa mashati kwa idadi na kwa tarehe.

Walikuwa wanaondoka kwa nini? Anzeni na zile dola 26. Zigawanyeni kwa siku thelathini, hazifiki dola moja kwa siku. Marupurupu ya mahudhurio na chakula cha mchana kiwandani vilisaidia kidogo. Lakini msichana aliyetoka kijijini lazima alale mahali. Mji ambao haukuwa na nyumba za kutosha ulipokea maelfu ya wapangaji katika muda mfupi, na kila mwenye nyumba anajua kinachotokea kwa kodi hali ikiwa hivyo. Walikaa watatu wanne chumba kimoja. Baada ya kodi, chakula cha jioni, sabuni na nauli, hapakubaki cha kutuma nyumbani. Na kumbukeni kuwa mzazi alikuwa amemruhusu binti aende mjini kwa sababu hiyohiyo ya kutumiwa chochote. Msichana alikuwa anafanya kazi mwezi mzima ili aweze kuendelea kuishi karibu na kazi.

Yapo na mengine yaliyotajwa. Wasimamizi waliotoka nchi nyingine hawakujua lugha za pale, na pale ambapo maneno yalikosekana sauti ilipandishwa. Kufokewa mbele ya wenzako ni jambo ambalo watu wa kijijini hawalizoei kutoka kwa mtu asiye baba wala mama. Zamu ziliisha giza limeingia, na njia ya kurudi vyumbani haikuwa salama kwa wasichana. Chama cha wafanyakazi ndani ya eneo hilo hakikuwepo, hivyo aliyekuwa na manung'uniko alikuwa na njia moja tu ya kuyasema, nayo ni kutorudi kesho yake. Wengine waligoma kwa siku moja au mbili. Wengi hawakugoma, walichukua mfuko wao wakaenda zao.

Je, ni tabia?

Hapa ndipo kamati nyingi husema, "Lakini kazi ni kazi. Angevumilia angepandishwa." Tulisema hivyo sisi pia. Utafiti mmoja uliofanyika hukohuko Ethiopia, na matokeo yake ya kwanza kuchapishwa mwaka 2018, ulitusaidia kuliangalia jambo hili kwa namna nyingine. Watafiti ni Christopher Blattman wa Chuo Kikuu cha Chicago na Stefan Dercon wa Oxford. Walishirikiana na kampuni tano zilizokuwa na waombaji wengi kuliko nafasi. Waombaji karibu elfu moja, wengi wao wanawake vijana, waligawanywa kwa kura. Kundi la kwanza lilipewa kazi. La pili lilipewa dola 300 na mafunzo mafupi ya biashara ndogo. La tatu halikupewa kitu, ili pawepo pa kulinganishia.

Theluthi moja ya waliopata kazi waliacha ndani ya mwezi wa kwanza. Mwaka ulipotimia, waliokuwa wameondoka walikuwa asilimia 77. Na si kwamba walihamia kiwanda cha jirani. Wengi waliachana na kazi za viwandani moja kwa moja. Watafiti walipotazama mapato, waliopewa kazi hawakuwa wamewazidi wale ambao hawakupewa kitu. Kwa ujira uleule mtu angeweza kuuza sokoni, kufanya vibarua, au kusaidia shamba la nyumbani, bila moshi wa kemikali na bila kusimama saa nyingi. Matatizo makubwa ya afya yalikuwa mengi zaidi kwa waliopewa kazi. Waliopewa dola 300 walipandisha mapato yao kwa asilimia 33 katika mwaka ule.

Basi, yule tuliyemwita mvivu alikuwa amepiga hesabu, tena sahihi. Alikuwa ameichukua kazi ya kiwandani kama mtu anavyojikinga mvua chini ya mti. Hakusudii kuhamia hapo.

Tuseme na upande wa pili, maana wafadhili wetu wanastahili ukweli mzima. Watafiti walirudi baada ya miaka mitano. Tofauti zilikuwa karibu zimekwisha. Waliopewa fedha, waliopewa kazi na wasiopewa kitu walikuwa wamefikia hali inayolingana, katika mapato na hata katika afya. Kwa hiyo asitokee mtu kwenye kikao akasema dawa ni kugawa mitaji tukaachana na viwanda. Dola 300 zilimsaidia mtu mwaka mmoja au miwili, kisha maisha yakamvuta arudi walipo wenzake. Jambo hili hatulifurahii, lakini ndivyo lilivyo, na sisi tunaoendesha miradi ya mitaji tunapaswa kulikumbuka kila tunapoandika neno "endelevu".

Ford wa Detroit na Ford wa Amazon

Jambo hili si la Afrika peke yake wala si la leo. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford huko Detroit, Marekani, kililazimika kuajiri watu wapatao 52,000 katika mwaka mmoja ili kiweze kuwa na wafanyakazi wapatao 14,000 kazini. Kazi ilikuwa ya kurudiarudia kitendo kimoja siku nzima mbele ya mkanda unaotembea. Watu walikuja, wakaona, wakaondoka. Januari 1914 Ford alitangaza dola tano kwa siku ya saa nane, karibu mara mbili ya ujira uliokuwepo. Kuacha kazi kukapungua haraka sana. Hakuwabadilisha tabia, wengi walikuwa watu walewale, wahamiaji kutoka Ulaya na wakulima wa mashambani. (Ni kweli pia kwamba alituma wakaguzi majumbani kwao kuangalia kama wanaishi "vizuri" kabla ya kuwalipa nyongeza hiyo. Hilo hatulipendekezi kwa kamati yoyote.)

Ford huyohuyo alipokwenda nchi ya watu, mambo yakamwia magumu. Mwaka 1927 kampuni yake ilipata ardhi kubwa kando ya mto Tapajós, katika jimbo la Pará nchini Brazil, ili kupanda mipira ya kutengenezea matairi. Ukajengwa mji ukaitwa Fordlândia. Nyumba zilikuwa za mtindo wa Marekani, na mapaa ya bati yaliyozifanya kuwa tanuri. King'ora kililia asubuhi, watu wakapanga foleni kugonga kadi za saa. Pombe ilipigwa marufuku. Chakula kilikuwa cha kutoka kwa wakubwa: uji wa oti, mchele usiokobolewa, matunda ya kopo. Mshahara ulikuwa afadhali kuliko ule watu wa mto ule waliozoea.

Hata hivyo watu waliondoka. Mtu alifanya kazi mpaka apate kiasi alichokikusudia, kisha akarudi kwake kwa mtumbwi, kwenye shamba lake la mihogo na samaki wake na watoto wake. Msimu wa kupanda ukifika, nani atampandia? Wakubwa waliandika kwamba watu wa pale hawana nidhamu. Desemba 1930 uongozi ulibadilisha utaratibu wa chakula. Badala ya kuhudumiwa mezani, kila mtu asimame foleni na sahani. Fujo ikalipuka, watu wakavunja vyombo, wakavunja na zile saa za kugonga kadi, na mameneja wakakimbilia mtoni kupanda mashua. Hadi jeshi likaitwa. Shamba nalo lilikuja kuliwa na ugonjwa wa majani, na mwaka 1945 kampuni iliiuzia serikali ya Brazil kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 20. Ford mwenyewe hakuwahi kufika pale hata siku moja.

Tuliposoma habari hii tulijiuliza: kwa nini mshahara mzuri ulishika watu Detroit usiwashike Tapajós? Jibu letu ni kwamba kule Detroit dola tano zilitosha kulea nyumba nzima palepale mjini. Kando ya Tapajós nyumba ya mtu ilikuwa mahali pengine, na kampuni iliweka kila kitu isipokuwa nafasi ya mtu kuwa na kwao.

Wazee wa Tanga hawahitaji kwenda Brazil kulielewa hili. Wanawakumbuka manamba, wanaume waliochukuliwa kutoka Songea, Njombe, Kigoma na kwingineko kwenda kukata mkonge katika mashamba ya kampuni za kigeni. Siku zao ziliandikwa kwenye kipande, siku thelathini za kazi, na mkataba ukiisha walirudishwa. Ujira wao ulipangwa kana kwamba ni mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Familia ilitegemewa kula shambani huko alikotoka. Mwenye shamba alilalamika kwamba Waafrika hawakai kazini. Lakini ni yeye aliyekuwa ameweka mshahara usioruhusu mtu kukaa.

Nyumba ya bosi na nyumba ya mshonaji

Kuna jambo moja ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha somo hili, na tunaomba mlisome taratibu.

Kampuni za kimataifa zinajua vizuri sana kwamba mtu huacha kazi kwa sababu ya mambo ya nyumbani kwake. Mwaka 1981 mtafiti Rosalie Tung alitoa matokeo ya uchunguzi juu ya mameneja wanaotumwa na kampuni zao kufanya kazi nchi za nje na kushindwa. Katika kampuni za Marekani, sababu iliyotajwa ya kwanza haikuwa ujuzi wala mshahara. Ilikuwa ni mwenzi wa ndoa kushindwa kuyazoea maisha ya ugenini. Mke hana rafiki, watoto hawaipendi shule, na meneja aliyegharimu fedha nyingi kumleta anaomba kurudi.

Kampuni zilisikia. Ndiyo maana mtaalamu wa kigeni akija kwetu mara nyingi utakuta amepewa nyumba, gari, ada ya shule ya watoto, na tiketi za ndege za kwenda likizo kwao. Hatusemi kwa wivu. Ni busara, na inafanya kazi.

Sasa angalieni upande wa pili wa ukuta huohuo. Mtaalamu akitaka kuondoka, ofisi inauliza: ana shida gani nyumbani? Mshonaji akiondoka, ofisi inasema: hana nidhamu. Chumba chake hakuna anayekijua. Mtoto aliyemwacha kwa bibi hayumo kwenye faili. Safari yake ya saa mbili usiku si ya kampuni. Elimu ya kuwazuia watu wasiondoke ipo, tena imo katika ofisi ileile. Ni kwamba imetengwa kwa watu wachache wa ghorofa ya juu.

Katikati yao wapo wazalendo waliosoma, wahasibu, mafundi wakuu, maofisa utumishi. Hao huondoka kwa sababu nyingine. Wanaona kwamba kiti cha mwisho kimewekewa mtu kutoka makao makuu, na kwamba mwenzao wa kigeni wa kazi ileile analipwa mara kadhaa zaidi yao. Wanajifunza kila wanachoweza kisha wanahamia kampuni nyingine au wanaanzisha yao. Kwa nchi hiyo si hasara kabisa. Kwa kampuni ni kusomesha watu wa wengine.

Tusiwalaumu upesi

Mwenye kiwanda naye ana yake. Mshonaji mpya huchukua wiki nyingi kabla ya mikono yake kuwa myepesi, na akiondoka ametumia vitambaa, muda na mwalimu bure. Mwenye kiwanda wa Hawassa hakuwa anafurahia kubadilisha watu kila mwaka. Lakini bei ya shati ilipangwa na mnunuzi aliye mbali, na mnunuzi naye alikuwa na nchi nyingine za kuchagua. Ripoti tuliyoitaja iliitaka serikali iweke kima cha chini cha mshahara, maana mwenye kiwanda mmoja akipandisha peke yake anaogopa kuachwa na soko. Tunaona hoja hiyo ina uzito.

Na kampuni nazo huondoka. Vita vilipozuka kaskazini mwa Ethiopia Novemba 2020 na kuendelea, Marekani iliamua kuiondoa nchi hiyo katika mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru, kuanzia tarehe 1 Januari 2022. PVH ilikuwa imetangaza kufunga kiwanda chake cha Hawassa Novemba 2021. Wasichana waliovumilia miaka yote ile, ambao tungewasifu kwenye jarida hili kwa ustahimilivu wao, walikuta geti limefungwa. Tunapowahimiza vijana wawe waaminifu kwa mwajiri, tuwaambie na hili.

Kamati zinaweza kuuliza nini

Hatuna uwezo wa kupanga bei za mashati za New York. Lakini kamati ya parokia inaweza kufanya mambo madogo ambayo kampuni haiyafanyi, na tumeanza kuyajaribu.

La kwanza ni chumba. Katika miji yetu mingi mwenye nyumba hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mpigo, na mshahara wa kwanza hutoka baada ya siku thelathini. Kijana anaanza kazi akiwa na deni. Akikopa kwa riba ya mtaani, mshahara wa miezi ya mwanzo wote ni wa mkopeshaji, na ndiyo miezi ambayo wengi huacha. Tumeona kwamba mkopo mdogo wa chumba kutoka parokiani, usio na riba, unaorudishwa kidogokidogo, unaweza kusaidia kuliko cherehani tuliyozoea kumpa mhitimu mbele ya kamera. Wafadhili wetu, tunajua cherehani inapendeza zaidi kwenye picha.

Kabla ya kijana kuondoka, kaeni naye pamoja na mzazi mpige hesabu kwa kalamu: mshahara wa mkononi baada ya makato, kodi, chakula, nauli, na kiasi ambacho nyumbani wanakitarajia. Mara nyingi mzazi ndiye anayeshtuka. Ni heri ashtuke hapo kuliko amwite binti yake mchoyo baada ya miezi mitatu. Kama hesabu haifiki, semeni haifiki. Na ulizeni zamu inaisha saa ngapi, anarudi na nani, na njia inapita wapi.

Jumuiya ya mjini nayo ipewe taarifa. Kijana akifika mtaa mgeni na mtu mmoja tu anayejua jina lake, hiyo peke yake ina thamani. Siku akifokewa au akiguswa vibaya kazini, awe na mahali pa kwenda kusema kabla hajachukua mfuko wake. Pengine bado ataondoka, lakini ataondoka akiwa amelipwa siku zake.

Mtu akirudi, msimpokee kama mshindwaji. Muulizeni ameona nini. Wengine wameacha kiwanda wakaenda kwenye jambo bora, na hao wametumia kazi ile vizuri kama daraja. Wengine wameacha wakaangukia pabaya, kwenye kazi za ndani zisizo na mshahara au kwa mawakala wanaoahidi safari za nje. Hao wawili katika takwimu zetu wote wanaandikwa "ameacha". Hatuwezi kuwatofautisha bila kuzungumza nao.

Wafadhili wetu mnatuuliza mmetafutia kazi vijana wangapi, nasi tunajibu kwa fahari. Tunawaomba mtuulize swali gumu zaidi: ni wangapi bado wapo baada ya miezi kumi na miwili, na wasiokuwepo wako wapi? Namba itakuwa ndogo. Ripoti zetu zitapendeza kidogo. Mama yule mstaafu alishauliza swali hilo zamani bila kufundishwa na mtu.

Kuanzia sasa, kila kijana anayepitia mafunzo yetu tunampigia simu mwezi wa tatu na mwezi wa kumi na mbili. Kazi ni kubwa kuliko tulivyodhani, maana laini za simu hubadilishwa kila mara. Juzi tulimpata mmoja wa wale wa kundi letu la mwanzo. Alikuwa sokoni anauza vitenge na kushona palepale, akatuambia tupige tena jioni kwa sababu ana wateja. Tulipopiga jioni alitueleza kwamba aliacha kiwanda mwezi wa tano, mwenye nyumba alipopandisha kodi, na kwamba hakuna mtu yeyote wa kampuni aliyemuuliza kwa nini. Sisi pia hatukuwa tumemuuliza.

Tunaziomba kamati zote zenye vijana waliokwenda kufanya kazi katika kampuni za kigeni, viwandani, migodini, mashamba ya maua au mahotelini, ziandike majina yao, tarehe waliyoanza, na kama bado wapo. Asiyekuwepo, andikeni sababu kwa maneno yake mwenyewe, si kwa maneno ya jirani. Karatasi hizo zikabidhiwe kwa katibu wa parokia, na waratibu wetu watazichukua katika ziara zao kabla ya toleo lijalo.